Baleghe si Rushdi: Mabinti Wawili wa Unguja na Mali Zao



Mfungo Mosi hauko mbali, na kama ilivyo ada yetu visiwani, harusi zitafuatana wiki baada ya wiki. Najua katika nyinyi mnaosoma hapa wapo ambao sanduku limeshajaa: kanga doti kwa doti, udi, liwa, msio, marashi, na bangili zilizofungwa kwenye kitambaa cheupe. Somo ameshaitwa. Mpambaji ameshapewa kishanzu. Nina suali moja tu kwako, bibi harusi mtarajiwa: ukikabidhiwa mahari yako kesho, unajua utaifanya nini?

Mimi sikujua. Nilifundwa siku saba, na nawashukuru walionifunda, maana walinifunza kukaa, kusema, kupika, kunukia, na haki zangu na za mume wangu. Fedha hakuitaja mtu. Mahari yangu niliipokea kwenye bahasha baada ya ndoa kufungwa, na kabla ya fungate kwisha nilikuwa nimeshaigawa yote: deni la keki, sare za ndugu, jamaa aliyekuja kukopa kwa maneno matamu. Sikuporwa. Nilitoa kwa mkono wangu mwenyewe, na hilo ndilo lililoniuma zaidi nilipokuja kuwa na akili ya kuhesabu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: mabibi zetu wa zamani, wao walijifunzaje? Leo nataka tuwatazame mabinti wawili wa kisiwa hiki hiki cha Unguja. Mmoja alizaliwa kwenye kasri, mwengine kwenye banda la wafinyanzi. Lakini kabla ya kufika kwao, lazima tupite kwenye neno moja la Qur-ani, kwa sababu neno hilo ndilo mizani yetu.

Neno lenyewe: rushdi

Katika Suratun Nisaa, aya ya 6, Mwenyezi Mungu anawaagiza mawalii wa mayatima wawajaribu mpaka wafike umri wa kuoa na kuolewa. Wakiona kwao rushdi, yaani uongofu wa kuendesha mambo, hapo ndipo wawakabidhi mali zao, tena mbele ya mashahidi.

Tazama vizuri, dada yangu. Umri peke yake haukutosha. Mtoto anaweza kubaleghe na bado akawa hajui kushika mali. Kubaleghe kunakuja wenyewe, kama jino linavyoota. Rushdi inajaribiwa, na neno "kujaribu" limo ndani ya aya yenyewe.

Basi ilijaribiwa vipi? Imam Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafi, aliyefariki mwaka 1277, amelieleza jambo hili katika kitabu chake cha Minhaj, kitabu ambacho masheikh wa pwani yetu wamekisomesha vizazi na vizazi. Anasema mtoto wa mfanyabiashara ajaribiwe katika kuuza, kununua na kupatana bei. Mtoto wa mkulima ajaribiwe katika kilimo na katika kuwalipa wanaofanya kazi shambani. Mtoto wa fundi, katika kazi ya ufundi wake. Na mwanamke ajaribiwe katika pamba na kusokota nyuzi, na katika kuhifadhi chakula kisiliwe na paka.

Ndiyo, paka. Nilipolisikia hilo kwa mara ya kwanza darsani, sote tulicheka. Lakini fikiri. Kusokota nyuzi ilikuwa ndiyo kazi ya kipato ya mwanamke wa zama zile, na paka ni kila kitu kinachokula akiba ya nyumba kimya kimya huku mwenyewe umegeuka. Maana yake binti alitazamwa kwa mambo mawili: anaweza kuzalisha, na anaweza kulinda?

Kuna mambo mengine matatu hapo ambayo napenda uyaweke moyoni. Kwanza, jaribio hilo linafanywa kabla ya kubaleghe, mtoto akiwa bado mkononi mwa mzazi. Pili, halifanywi mara moja. Linarudiwa mara mbili au zaidi, mpaka dhana ya kuwa ana rushdi iwe na nguvu. Tatu, na hili ndilo linalonigusa, mtoto anaachiwa apatane bei yeye mwenyewe kwa mdomo wake, kisha walii ndiye anayeifunga biashara. Mtoto anasema, mzazi yuko nyuma yake. Kujiamini na akili ya fedha vilifundishwa pamoja, kwenye somo moja.

Sasa twende Mtoni.

Binti wa kasri: mali kwa siku moja

Ukitoka mjini kuelekea Bububu utaona magofu ya Beit el Mtoni kando ya bahari. Hapo ndipo alipozaliwa Seyyida Salme binti Said tarehe 30 Agosti 1844, mtoto wa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria aliyeletwa kutoka nchi ya Wacherkesi akiwa mtoto mdogo.

Salme alisoma Qur-ani pamoja na watoto wenzake, lakini kuandika hakukufundishwa watoto wa kike. Yeye alitaka kuandika. Basi akachukua mfupa wa bega la ngamia, ambao zama zile ulitumika kama ubao wa chuoni, akawa ananakili herufi za msahafu moja moja, kwa siri, mpaka mkono ukakubali. Ameyaeleza hayo mwenyewe katika kitabu chake. Mtoto wa kike wa miaka ya 1850, bila mwalimu na bila ruhusa, akajipa elimu aliyonyimwa. Kama kujiamini kuna sura, sura yake ni hiyo.

Mwezi wa Oktoba 1856 baba yake alifariki baharini, njiani akirudi kutoka Maskati. Mali ikagawiwa kwa mafungu ya mirathi, na Salme, wakati huo ana miaka 12, akahesabiwa kuwa mtu mzima na kupewa fungu lake: shamba lenye nyumba, pamoja na fedha taslimu. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1859, mama yake naye akafariki katika maradhi ya kipindupindu, na Salme akarithi mashamba mengine.

Hebu tusimame hapa tushukuru. Katika mwaka ule wa 1856, mwanamke wa Uingereza akiolewa, mali yake iliingia mikononi mwa mumewe kwa mujibu wa sheria. Ilibidi asubiri mpaka sheria ya mwaka 1882 ndipo akaweza kumiliki mali yake kamili akiwa ndani ya ndoa. Binti wa Unguja alikuwa na haki hiyo kwa karne nyingi kwa sababu Qur-ani ilishampa. Akiolewa haipotezi, na mume hana ruhusa ya kuigusa ila kwa ridhaa yake. Hii ni amana tuliyoachiwa, na wengi wetu tunaichukulia kama jambo la kawaida.

Lakini kuwa na mali ni kitu kimoja, na kuwa na mtu wa kukuongoza katika mali ni kitu kingine. Baba hayupo, mama hayupo, na kaka zake wakubwa wanagombania ufalme. Mwaka huo huo wa 1859 Seyyid Barghash alipanga kumpindua ndugu yake Seyyid Majid, na Salme akavutwa kwenye upande wa Barghash na dada yake mpendwa, Khole. Alikuwa na miaka 15 tu, mdogo kuliko wenzake wote katika shauri lile, lakini alikuwa na kitu walichokihitaji: alijua kuandika. Wakamfanya karani wao, akawa ndiye mwandishi wa barua zao za siri.

Mpango ukashindwa. Barghash akapelekwa Bombay, na Salme akabaki na uadui wa ndugu na jamaa, akajitenga kwenye shamba lake la Kizimbani. Kila nikifika hapa moyo unaniuma. Kalamu ile aliyoipata kwa jasho lake, kwenye mfupa wa ngamia, kazi yake kubwa ya mwanzo ilikuwa kuandika ugomvi wa watu wengine.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwaka 1866 aliondoka Unguja kwa jahazi la kivita la Waingereza baada ya mapenzi na mfanyabiashara wa Kijerumani, Rudolph Heinrich Ruete. Alibatizwa na kuolewa Aden mwaka 1867, na wakaenda kuishi Hamburg. Mwaka 1870 mumewe alifariki baada ya ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu wadogo. Akaishi kwa tabu katika nchi ya ugenini, akisomesha Kiarabu. Mwaka 1885 alirudi Unguja na manowari za Kijerumani kudai urithi wake, na Barghash, ambaye sasa alikuwa sultani, akakataa. Akajaribu tena mwaka 1888, akarudi mikono mitupu. Alifariki Jena mwaka 1924.

Njia aliyoishika katika dini si njia yetu, na hukumu yake iko kwa Mola wake. Mimi naitazama historia yake kama mama mwenye binti, na ninachokiona ni hiki: Salme alikuwa na mali, na alikuwa na ujasiri kuliko wengi wetu. Alichokosa ni mtu mzima asiye na maslahi yake, wa kukaa nyuma yake wakati anajifunza. Mali aliipata kwa siku moja. Jaribio dogo dogo la utotoni, lile la kusema bei huku walii anatazama, hakulipata. Jaribio lake la kwanza likawa kubwa kama nchi.

Lakini tusimsahau hivi hivi. Mwaka 1886, mjane asiye na kitu, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mjini Berlin, na mpaka leo zinasomwa duniani kote. Mashamba yote yalikwenda. Kilichobaki mkononi mwake ni ile elimu aliyojifunza mwenyewe kwenye mfupa.

Binti wa Fumba: jaribio kila siku

Sasa tuhame kaskazini mwa mji twende kusini, Fumba. Mwaka 1880 alizaliwa hapo mtoto wa kike akapewa jina la Mtumwa, jina ambalo peke yake linakueleza hali ya wazee wake. Hakuwa na shamba la kurithi. Alichorithi kwa mama yake ni ufinyanzi.

Ufinyanzi ni skuli kali. Udongo unauchimba mwenyewe, unaukanda, unaufinyanga, unaanika siku kadhaa, kisha unachoma. Mvua ikikuwahi umekula hasara. Moto ukizidi chungu kinapasuka. Halafu unavipanga vilivyosalimika kichwani, unakamata njia ya mjini, karibu kilomita 20, na kila jiwe njiani ni hatari kwa mtaji wako. Ukifika, mnunuzi anakigonga chungu kwa kidole asikilize sauti yake, kisha anakupa nusu ya bei uliyotaja. Hapo unaamua: unashuka, au unashika msimamo? Ukishuka sana, safari yote imekuwa bure. Ukikaza sana, unarudi navyo Fumba.

Hilo ndilo jaribio la rushdi, tena halikurudiwa mara mbili tu. Mtoto yule alilifanya kila alipokuja mjini.

Mwaka 1911 alihamia mjini moja kwa moja. Akakutana na watu wa muziki, wakamfundisha, na kwa kuwa hakujua kusoma, akajifunza kwa sikio na kuhifadhi kwa kichwa. Ndiye huyo tunayemjua kama Siti binti Saad. Hukumu ya muziki si mada yetu leo. Masheikh wana maneno yao. Tunatazama mwanamke na namna alivyojiinua.

Na hakuinuliwa kwa mikono miwili. Watu wa mjini walimtungia maneno ya kumcheka, wakamkumbusha kwamba alikuja mjini na kaniki na vyungu kichwani, wakasema hana sura wala nasaba. Kaniki ilikuwa vazi la maskini na watumwa, kwa hiyo tusi lenyewe lilikuwa zito. Yeye alijibu kwa wimbo, kwa adabu, kwamba thamani ya mtu haiko kwenye sura yake. Hakukana vyungu. Mwaka 1928 alisafiri mpaka Bombay kurekodi nyimbo kwa Kiswahili, na sauti ya mfinyanzi wa Fumba ikaanza kusikika kwenye santuri pwani nzima. Alifariki tarehe 8 Julai 1950, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu.

Mimi naamini, na hili ni wazo langu mwenyewe, kwamba mwanamke aliyezoea kusimama mbele ya mnunuzi anayemdharau chungu chake, na akajua chungu kile kimemgharimu nini, hatishiki haraka akidharauliwa yeye. Kujua bei ya kazi ya mikono yako kunakufundisha heshima ya nafsi yako.

Kati ya Mtoni na Fumba

Kuna jambo moja linawaunganisha mabinti hawa, na si haki kulipita kimya. Mashamba ya karafuu aliyorithi Salme yalilimwa na watumwa. Wazee wa Siti walitoka katika tabaka hilo hilo la watu waliomilikiwa. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, Siti akiwa na miaka 17. Jasho la upande mmoja lilikuwa urithi wa upande wa pili. Kwa hiyo rushdi si kujua kuhesabu tu. Muislamu ataulizwa kuhusu mali yake mara mbili: ameipata wapi, na ameitumia wapi. Mfundishe binti yako suali la kwanza kabla ya la pili.

Na msidhani kisa cha Fumba kimekwisha. Kilimo cha mwani kilipoanza pwani ya mashariki mwaka 1989, Paje na Jambiani, waliokishika zaidi ni wanawake. Mama zetu walisimama ndani ya maji ya kupwa na kamba na vigingi, na wengi wao kwa mara ya kwanza wakapata fedha zisizopitia mkono wa mtu. Ziliwavisha watoto sare za skuli, ziliezeka nyumba. Suratun Nisaa, aya ya 32, inasema wanaume wana fungu katika walichokichuma na wanawake wana fungu katika walichokichuma. Mama wa Paje alikuwa akiiishi aya hiyo magoti yakiwa majini.

Basi tufanye nini na mabinti zetu?

Tuanze mapema. Mtoto wa miaka tisa au kumi mpeleke marikiti. Mwache aulize bei ya ndizi mwenyewe, apatane mwenyewe, wewe simama nyuma yake kama walii. Akikosea kwa shilingi mia tano, mshukuru Mungu amekosea leo kwa mia tano na hakukosea kesho kwa mahari nzima. Usimnyang'anye neno mdomoni mbele ya muuzaji. Kisha mrudie tena wiki ijayo.

Tumpe daftari. Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Zilizoingia upande huu, zilizotoka upande huu. Akiingia upatu na wenzake, aandike zamu yake na yuko na nani, na ajue kwamba zamu ya mwanzo ni deni na zamu ya mwisho ni akiba.

Tumfundishe paka wa leo ni nani. Paka wa leo haingii jikoni, anaingia kwenye simu: mkopo wa dakika mbili wenye riba, vifurushi, sare ya harusi ya mtu usiyemjua vizuri. Anakula kidogo kidogo na huwezi kusikia hata mlio wake.

Na wewe bibi harusi, usione haya. Kabla ya siku yako, muulize mchumba kupitia walii wako au mbele yake: ana madeni? Atakuweka wapi? Matumizi ya nyumba ni wajibu wake, hata ukiwa tajiri; utakachotoa wewe ni sadaka na ihsani, na kitolewe kwa moyo, si kwa kuona haya. Mahari yako ikiwa mkononi, usiiguse siku arubaini. Iache ilale. Wote waliokuja kukopa wiki ya harusi, wengi hawarudi siku ya arubaini na moja. Kisha kaa na mama yako au shangazi yako mwenye busara, muamue: dhahabu ya kuweka, cherehani, mtaji, au ada ya masomo.

Hata Bibi Khadija, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa mfanyabiashara anayejua kumchagua mtu muaminifu wa kumpa mali yake, kabla hajawa mke wa Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wasallam. Aliutambua uaminifu wake katika biashara kwanza. Jicho lile lile lililojua kuchunga mali ndilo lililomjua mume bora.

Bahasha yangu ilikwisha zamani, dada zangu, na sisikitiki tena. Binti yangu ana miaka kumi na moja. Jumamosi iliyopita alipatana bei ya samaki Darajani, akashusha elfu moja, akanigeukia kunitazama. Nikatikisa kichwa, nikalipa. Alinishinda mimi niliyekuwa bibi harusi.

Allah awape mabinti zetu rushdi kabla ya mali, na mali yenye baraka baada ya rushdi. Amin.